Miche

Gari la matangazo lilipita Pasua Jumatano,
spika imefungwa kwa mpira juu ya paa:
kiwanda kinawakumbuka majirani zake,
Jumamosi saa tatu, uwanja wa shule, kitagawa miche.
Nikatoka na beseni.
Mama Kirita alibeba makapu mawili,
moja lake, moja la mkwewe aliyelazwa,
maana kiwanda ni cha sabuni, na sabuni huja kwa mche,
mrefu kama mkono, wa bluu, unakatwa kwa uzi.

Tukapewa miti.
Mgrevilea mmoja mmoja, mizizi ndani ya mfuko mweusi,
na fulana imeandikwa mgongoni: TUNAWAJIBIKA.
Meneja akacheka pamoja nasi, asijue tunacheka nini.

Siku hiyohiyo walikata utepe wa boila jipya.
Serikali imetoa ruzuku, alisema bwana wa wizara
(ruzuku, nikawaza, ni riziki iliyovaa tai),
kiwanda kiache mafuta mazito, kichome maganda ya kahawa,
hewa ukaa ipungue.
Jina linajisema. Ikija, inakaa.
Nimeifua miaka kumi na tisa: inakaa kwenye pindo,
kwenye kola, nyuma ya kifungo cha pili cha shati la mwalimu,
na naitoa kwa sabuni yao
niliyoinunua dukani kwa hela yangu.

Boila sikulisema vibaya. Tangu Agosti
shuka za gesti ya Njoro zilikauka nyeupe,
nikaanza kuanika bila kulitazama bomba kwanza.
Anaeli wangu, ndiye mpika mvuke wao,
alirudi ananukia kahawa badala ya lami,
na Ndeshi akalala kifuani kwake bila kukohoa.
Niliiombea wizara. Kweli, kwa magoti.

Lakini kahawa ina msimu.
Machi maganda yaliisha ghalani,
na yale ya juu mlimani wenye ng'ombe walishayatandika zizini
kabla mtu wa kiwanda hajafika na mizani yake.
Masika yakaanza. Oda za sabuni hazijui masika.
Anaeli akahamishiwa zamu ya usiku.
"Usiku kuna nini?"
"Kazi."
Viatu akavivulia nje. Lami.

Sikugombana. Ada ya Ndeshi imo ndani ya ule moshi.
Nilichukua foronya kuukuu, nyeupe, za kitanda changu,
nikaanika moja kila mwezi, usiku saba mfululizo,
upenuni, mvua isiifikie,
kisha nikaikunja, nikaibana kwa pini na jina la mwezi.

Mpimaji alikuja Novemba, kama mwaka uliotangulia.
Sanduku la chuma, waya, taa ya kijani.
Bomba jipya lilikuwa linapumua mvuke mweupe kama maziwa,
na la zamani limesimama pembeni kama mtu asiyehusika.
Akaandika. Akaridhika.
Kisha fomu ikamtaka maoni ya jamii,
na jamii ya karibu ilikuwa mimi, nimeshika koleo za nguo.

Nikamtandikia mkekani.
Machi. Aprili. Mei: chini ya sufuria ni kweupe kuliko Mei.
Agosti, safi.
"Mama, kipimo chako ni nini?"
"Foronya."
Hakucheka. Alitazama bomba la pembeni,
akautazama mgrevilea, sasa umefika kimo cha waya,
nimeufunga ncha moja ya kamba, masizi yangali kwenye majani ya chini.
"Hela ililipwa kwa miezi kumi na miwili," alisema,
taratibu, kama anayeongea na kalamu.
Akaomba aondoke na ya Aprili.
"Chukua. Ila usiifue."

Ndipo Anaeli, mlangoni, kikombe mkononi,
ambaye sikujua kama ameamka:
"Na Juni aandike.
Ulikuwa msibani Kibosho. Hukuanika."